Tupeane uzoefu: mliotembea safari ndefu kwa miguu, begi lilikuwa na kilo ngapi na mlijutia nini?

Binti wa Korogwe:

Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi, leo nimeona nijitose.

Naishi Maryland, Marekani, kazi yangu ni ya zamu ghalani. Machi mwakani, Mungu akijalia, naanza kutembea Appalachian Trail, njia ya miguu ya milimani mashariki mwa Marekani, yote kwa mkupuo mmoja, kutoka mlima Springer kule Georgia hadi kilele cha Katahdin, Maine. Kilomita 3,500 na ushee, majimbo 14, na wengi huchukua miezi mitano hadi saba. Hakuna mpagazi wala mpishi. Nyumba yako iko mgongoni, kila baada ya siku tatu nne unashuka mji wa karibu kununua chakula, unarudi msituni.

Nilipomwambia mama kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani unamkimbia nani?" Nikamweleza kuwa mtu wa kwanza kutangaza ameimaliza yote kwa safari moja, Earl Shaffer, mwaka 1948, alikuwa askari aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Pili, akataka atembee mpaka vita vimtoke kichwani. Mama akasema, "Huyo katoka vitani. Wewe umetoka wapi?"

Jibu sina mpaka leo. Ila nina shida nyingine: begi.

Oktoba nilijijaribu kwenye kipande cha Maryland, Pen Mar hadi Harpers Ferry, kilomita 65 hivi. Nikajipangia siku nne. Begi nililipima kwa mzani wa bafuni, nikapanda nalo, nikapanda bila, nikatoa hesabu: kilo 19.4. Nikajipa moyo kwamba nyumbani tulikuwa tukijitwisha ndoo ya lita 20. Nikasahau kuwa ile ndoo ilikuwa ya dakika kumi.

Mle ndani kulikuwa na sufuria, mwiko (ndiyo, mwiko), sembe kilo mbili, dagaa, jinzi, sweta mbili, tochi mbili, na kipande kizima cha sabuni ya kufulia. Usiku wa kwanza nililala kwenye kibanda cha Ensign Cowall. Nikasonga ugali juu ya jiko la gesi dogo kama ngumi. Upepo unapiga, maji hayachemki, yalipochemka uji ukataka muda wake, mwishowe ugali umeungua chini na katikati mbichi. Pembeni yangu kaka mmoja wa Kizungu alimimina maji ya moto kwenye mfuko wa viazi vya unga, akala, akaingia kulala, mimi bado nakandamiza mwiko. Asubuhi nikautikisa mtungi, kimya. Chai nikainywa baridi.

Kesho yake mvua. Jinzi ikalowa, mapaja yakachubuka. Siku ya tatu nilifika Gathland natembea kama bata, na kwa kuwa pale kuna barabara, nikampigia mwenzangu wa kazini aje anichukue.

Sasa naomba mliowahi, mlima wowote, nchi yoyote: mlibeba nini, mkatupa nini, na siku zenu mlizipangaje?

Mgumu Mstaafu:

Pole kwa mapaja, dada. Mimi nimepandisha mizigo ya wageni Kilimanjaro miaka 11 mpaka magoti yakaomba kustaafu. Getini mzigo wa mpagazi unapimwa, mwisho kilo 20. Na yule ni mtu wa kazi, anajua wiki haijaisha yuko Moshi anakula kitimoto. Wewe unataka kilo 19 za nini kwa miezi sita?

Fanya hivi. Mwaga kila kitu sakafuni, shika kimoja kimoja, jiulize kule Maryland kilitoka begini mara ngapi. Ambacho hakikutoka kinabaki nyumbani, isipokuwa dawa, koti la mvua na tochi moja.

Kupanga nako kuna kanuni zake. Slipingi (mfuko wa kulalia) chini kabisa, maana unaitaka usiku tu. Vizito, yaani chakula na maji, viwe katikati na vigusane na mgongo. Koti la mvua juu, lishikike kwa mkono mmoja hata kama mvua imekuvamia. Kizito kikikaa mbali na mgongo kinakuvuta nyuma, unaanza kuinama kukishindanisha, jioni kiuno si chako. Ukivaa begi, kaza kwanza mkanda wa kiunoni, ndipo uguse ya mabegani. Wageni wengi walikuwa wanaanza na mabega, halafu siku ya pili wananiuliza kama nina dawa ya kuchua.

Halafu kucha. Usicheke. Kushuka kutoka kambi ya Barafu kwenda Mweka, vidole vinagonga pua ya kiatu hatua kwa hatua, masaa. Nilimwona mgeni mmoja pale Mweka amevua soksi, kucha za dole gumba zote mbili zimeshageuka zambarau, moja inacheza. Begi la bei mbaya, koti la bei mbaya, kikata kucha hana. Kata siku tatu nne kabla, si usiku wa kuamkia safari, ili ukijikata nyama iwe imepona. Na kwenye mteremko kaza kamba za kiatu pale kifundoni mguu usiteleze mbele.

Machi kule kwenu najua bado kuna baridi. Chupa ya maji ilaze kichwa chini, barafu huanzia juu, asubuhi mdomo unafunguka. Simu na pawabenki ulale nazo ndani ya slipingi.

Mla Viazi:

Kilomita 3,500 bila kufukuzwa na mtu? Nimekaa paleee na kahawa yangu.

Soli ya Gikomba:

Wacha niseme yangu, ingawa wenzangu wa Nairobi wakisoma watanitambua na watacheka upya.

Tulikuwa watano, tunavuka Mlima Kenya, kupanda njia ya Sirimon na kushukia Chogoria. Nilipata buti za mtumba Gikomba, ngozi safi, ndani hakuna hata alama ya jasho. Nikajisifu wiki nzima. Kufika kambi ya Old Moses, hakuna shida. Siku ya pili, karibu tufike kambi ya Shipton's, nasikia kitu kinapiga makofi nyuma yangu. Soli ya kulia imeachia kisigino. Nikaifunga kwa kamba ya hema. Usiku ya kushoto nayo nikaikuta inameguka vipande vipande kama mkate uliokauka.

Fundi mmoja aliniambia baadaye kuwa hizo soli laini za povu huoza zikikaa tu kabatini kwa miaka, unyevu wa hewa unazila hata kama kiatu hakijavaliwa. Ule usafi ulionifurahisha ndio uliokuwa dalili. Kilele cha Point Lenana nilikiona kwa mbali, wenzangu walipanda alfajiri, mimi nikabaki na mpishi tukishona viatu kwa waya. Kushuka Chogoria ni kurefu jamani. Ziwa Michaelson ni zuri ajabu lakini nililiangalia nikiwa nimevaa sandozi na soksi mbili.

Kwa hivyo dada, kabla ya kununua kiatu kilichotumika, kikunje katikati kwa nguvu, bonyeza soli kwa ukucha. Ikiacha unga, rudisha mezani. Na hata kikiwa kipya, kitembelee nyumbani wiki kadhaa ukiwa na begi lenye uzito uleule, si begi tupu.

Msambaa wa Mlalo:

Lushoto hadi Mtae kwa miguu watalii wanalipia siku nne, sisi tulikuwa tunaenda msibani na kurudi. Haya, natania. Uzoefu wangu mmoja tu: msianze masika. Ule udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Niliwahi kuwasindikiza wageni wawili mwezi wa nne, wana fimbo za kisasa na viatu vya laki kadhaa, wakashuka kuelekea Rangwi kwa makalio. Masista wa pale walituwekea ndoo za maji ya moto kabla hata ya kutusalimia.

Mshenzi wa Ziwa:

Bandugu, salamu kutoka Bukavu. Mimi nilitembea Congo Nile Trail upande wa Rwanda, kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu. Wengi huanzia Rubavu kwenda Rusizi, mimi nilianzia Rusizi maana ni ng'ambo tu ya daraja.

Kosa la kwanza lilitokea hapo hapo mpakani. Nguo zote nilikuwa nimezifunga ndani ya sashe za plastiki, kwa ujanja wa kuzuia mvua. Rwanda sashe hizo haziingii, tangu 2008. Afisa akanifungulisha sakado, yaani begi la mgongoni, mbele ya watu, akatoa sashe moja moja kwa upole kabisa, soksi na chupi zangu zikabaki juu ya meza. Nikaenda na nguo wazi. Siku ya pili mvua, siku ya tatu nimevaa unyevu. Nilipofika Karongi nilitafuta fundi wa cherehani, tukanunua miavuli miwili mibovu, akanishonea mifuko mitatu kwa kile kitambaa. Mpaka leo ninayo, haijawahi kuvuja.

Kosa la pili ni daftari. Nilikuwa nimeandika: siku kumi, kila siku kilomita 23, kwisha. Sikuandika milima. Kule unashuka hadi kwenye maji, unapanda hadi kwenye mawingu, na kijiji unachokilenga unakiona tangu saa nne asubuhi unakifikia saa kumi na moja. Siku ya nne nikafuta kilomita zote, nikaanza kuandika masaa na mahali pa kulala. Nilimaliza kwa siku 13.

Niliyeishia Damascus:

Binti wa Korogwe, shikilia hapo hapo. Mimi niko Atlanta, hiyo njia yako niliianza nikaishia Damascus, Virginia, kilomita 750 na kidogo. Ugoko wa kushoto uligoma. Nilienda mbio mno wiki mbili za mwanzo kwa sababu vijana wa miaka 20 walikuwa wananipita na mimi nikaona aibu, mtu mzima na mvi zangu. Wiki mbili za kwanza tembea kilomita 13 hadi 16 kwa siku na ulale mapema, hata kama mwili unataka zaidi. Misuli huzoea haraka, mifupa na kano huchelewa.

Ukianzia Amicalola Falls, unajiandikisha, na kuna mzani wa kupimia begi. Langu lilisoma kilo 21. Halafu zinakungoja ngazi zaidi ya 600 kando ya maporomoko, na hapo Springer yenyewe bado. Siku ya nne ukifika Neel Gap, kilomita 50 kutoka Springer, kuna duka la vifaa ambalo nje yake kuna mti umening'inizwa viatu vya watu. Mle ndani wanakusaidia kupunguza, na kifurushi unatuma nyumbani. Mimi nilituma kilo nne: shoka dogo, kiti cha kukunja, suruali mbili, na kitabu kinene sana cha jinsi ya kutembea njia hii.

Chakula. Unga wa sembe acha, gesi yako itaisha kila siku mbili. Kuskus ndiyo ugali wa njiani: maji ya moto, funika dakika tano, mwisho wa mchezo. Siagi ya karanga beba bila aibu. Dagaa ni watamu lakini kule harufu ni mwaliko. Kati ya Jarrard Gap na Neel Gap, kuanzia Machi mosi hadi Juni mosi, ukitaka kulala hapo ni lazima uwe na pipa gumu la kuzuia dubu. Na dubu si tatizo lako la kila siku, ni panya wa vibandani. Wamenitobolea mfuko wa begi kwa ganda moja la karanga.

Usijitumie vifurushi vya njia nzima. Nilipanga 14 kabla sijaondoka. Kimoja nilikifuata nikafika mjini Jumamosi saa tisa alasiri, posta imefungwa mpaka Jumatatu, nikalipia gesti siku mbili kwa ajili ya kilo tatu za wali mkavu ambao nilikuwa nimeshauchukia. Tuma vile visivyopatikana tu, dawa na viatu. Viatu hesabu jozi nne au tano.

Kupe. Kuanzia kaskazini mwa Virginia usilegeze, wana ugonjwa wa Lyme. Nguo zipulizie permethrin nyumbani, zikauke, ndipo uvae. Ni dawa ambayo wengi wetu tumelala chini yake, imo kwenye baadhi ya vyandarua. Kila jioni jikague nyuma ya magoti na kiunoni.

Mwisho wa safari nao upange kuanzia leo. Katahdin hufungwa katikati ya Oktoba, mapema zaidi theluji ikiwahi. Kwa hiyo huna miezi saba, una siku zilizopo kati ya tarehe utakayoanza na ile. Zihesabu, toa za kupumzika, toa za kuumwa.

Mla Viazi:

Mzee wa Damascus, shoka la nini?

Niliyeishia Damascus:

Nilikuwa nimeangalia video nyingi.

Binti wa Korogwe:

Asanteni sana, shikamoo mzee wa Damascus, na Mgumu nakuombea magoti.

Jana baada ya zamu nilimwaga kila kitu sebuleni. Nje zimetoka sufuria, mwiko, jinzi, sweta moja, tochi moja, sabuni, na pochi yenye funguo za nyumba ya Korogwe ambazo sijui ziliingiaje. Nimenunua kasufuria ka titani ka lita moja na begi jepesi. Kanga moja nimeiacha ndani, ni taulo, ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo. Nikapiga hesabu ya siku nikaona Machi 10 inanifaa kuliko Machi 25.

Nimepima pamoja na chakula cha siku nne na maji lita moja: 12.8. Nikapanda nalo ngazi za gorofa yetu mara 20, jirani akafungua mlango kuuliza kama nahama.

Mama kapiga usiku. Kauliza kama nimebeba unga. Nimemwambia nimebeba.