Maji yakichafuka Kolwezi, mji wa migodi jimboni Lualaba, Kongo (DRC), nani ashike chupa ya sampuli?

Mleta mada: Sheria ya madini ya Kongo, iliyorekebishwa Machi 2018, imeiingiza ACE, wakala wa mazingira, katika kupima athari kabla mgodi haujapewa haki. Lakini DPEM, idara ya kulinda mazingira ya migodi, ingali ndani ya Wizara ya Madini, wizara ileile inayotoa leseni. Anayegawa leseni atamkagua vipi mwenye leseni? Mimi nasema DPEM ing'olewe huko.

Mtetezi wa 285 bis: Ing'oeni mkitaka, kesi bado zitaanguka. Kifungu cha 285 bis cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwenye haki ya mgodi afidie madhara hata kama hakufanya kosa. Ajinasue tu akithibitisha chanzo ni kingine, nje ya shughuli zake. Silaha ipo. Ila mlalamikaji lazima aonyeshe madhara yenyewe, na hapo ndipo tunaposhindwa. Asidi ikimwagika leo, mkaguzi akafika baada ya siku 3, maji yameshapita na mto unaonekana msafi.

Inavyotakiwa: pH, yaani kiwango cha asidi majini, ipimwe papo hapo, ukingoni. Chupa moja ijazwe mtoni kabla maji hayajafika mgodini, nyingine baada ya kuupita. Bila ile ya juu, kampuni itasema mto ulikuja hivyohivyo. Ya kupima shaba na kobalti itiwe asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2, la sivyo metali hung'ang'ania kuta za chupa na maabara inaleta namba ndogo kuliko ukweli. (Chupa ya soda iliyosuuzwa haifai, jamani.) Chota na tope la ukingoni. Kisha lakiri, saa, na saini ya kila mkono uliopokea.

Wa Masisi: Mnaongelea Lualaba, yenye kampuni na anwani. Huku Masisi, Kivu Kaskazini, machimbo ya Rubaya yalitekwa na waasi wa M23 mwaka 2024. Mkaguzi gani atapanda kule na chupa? Na koltani, madini yanayochimbwa kule, inashuka vilevile.

Mleta mada: Rubaya nakubali, kifungu hakifiki. Lakini Kolwezi, lakiri ya idara iliyo chini ya waziri wa madini, wakili wa wanakijiji aiamini kwa lipi?

Mtetezi wa 285 bis: Asiiamini. Chupa zijazwe jozi, moja ibaki na kijiji.