Tupeane uzoefu: je, kozi uliyosoma chuoni ilikutana na kazi zilizopo mkoani?

Mwanzisha mada
Ndugu wanajamvi, Serikali inaendelea kupeleka kampasi za vyuo vikuu vya umma katika mikoa ambayo haikuwa nazo, kwa kutumia mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), uliopata mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Lindi imepangiwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayolenga kilimo, na Kigoma imepangiwa ya Muhimbili, chuo kikuu cha afya. Tunaelezwa kwamba masomo yatalingana na uchumi wa kila eneo. Naomba waliosoma kozi za namna hiyo waeleze yaliyowakuta baada ya kuhitimu, na maoni ya jumla tuyaweke kando kwanza.

Mmakonde wa Shangani
Nilimaliza kidato cha sita wakati gesi ikiwa gumzo la Mtwara nzima. Gesi yenyewe si ngeni kusini, kwa kuwa ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982, lakini ugunduzi wa kwenye kina kirefu cha bahari, ulioanza mwaka 2010, ndio uliovisukuma vyuo kufungua kozi za jiolojia na uhandisi wa petroli. Vijana wa kusini tuliambiwa tujiandae, nami nikajiandaa kwa kusoma jiolojia ya petroli.

Bomba la kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015 na mitambo ya Madimba ikaanza kusafisha gesi. Hapo ndipo tulipobaini jambo ambalo darasani halikuwahi kutajwa: mitambo ya aina hiyo ikishajengwa, huendeshwa na watu wachache sana. Ajira nyingi zilikuwa za wachomeleaji, madereva, walinzi na wapishi wakati wa ujenzi, nazo ziliondoka pamoja na wakandarasi. Mradi wa kugeuza gesi kuwa kimiminika pale Likong'o, Lindi, uliobeba matumaini yetu yote, ulifikia makubaliano ya awali Juni 2022, na kufikia wakati huo wenzangu wengi walikwishahamia ualimu na biashara ya bodaboda.

Mimi niliangukia kwenye korosho, katika ukaguzi wa ubora ghalani. Mzigo wa chama cha msingi ukifika, tunatoboa magunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, na kutoa sampuli, tunapima unyevu, tunahesabu korosho zinazoingia katika kilo moja, kisha tunazipasua na kupima uzito wa viini vizuri baada ya kutenga vilivyooza na vilivyosinyaa. Vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua kama mzigo utaingia mnadani kwa daraja la kwanza au la pili, na tofauti hiyo mkulima huiona mfukoni mwake. Yote hayo nilifundishwa na mzee mmoja wa ghalani ambaye hakuvuka darasa la saba, mtu anayeutambua unyevu kwa kutikisa korosho kiganjani kabla sijawasha kipimo.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa risiti hadi yauzwe, upo huku tangu mwaka 2007, na kituo cha utafiti wa korosho kipo Naliendele, nje kidogo ya mji. Kwa hiyo kazi ya kujifunza ilikuwapo mlangoni petu. Kozi yangu ilifuata mradi uliotangazwa, haikufuata shughuli ambayo tayari ilikuwa ikilisha mkoa.

Fundi Ngozi
Kwangu mambo yalikwenda vizuri zaidi. Nilisomea teknolojia ya ngozi katika kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na Kanda ya Ziwa ina ng'ombe wa kutosha, hivyo uhusiano wa kozi na eneo hauhitaji maelezo. Hata hivyo, thamani ya ngozi nyingi hupotea kabla haijafika kiwandani, kwa sababu mfugaji huweka chapa mgongoni, mahali ambapo ngozi ni bora kuliko kote, na mchunaji wa machinjioni hulipwa kwa idadi ya ng'ombe, kwa hiyo huharakisha na kisu chake hutoboa. Wiki za mafunzo kwa vitendo nilizopelekwa machinjioni zilinifaa kuliko muhula mzima wa kemia. Wenzangu walioona aibu kwenda huko wakaomba nafasi za ofisini wanajua wenyewe yaliyowakuta.

Mhadhiri wa Nyanda za Juu
Nimeshiriki kupitia mitaala mara kadhaa. Hapo zamani, kukusanya maoni ya waajiri kulimaanisha kutuma madodoso kwenye ofisi kubwa za Dar es Salaam, kwa kuwa ndizo zenye maofisa rasilimali watu wa kuyajaza. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga Mbarali hajibu dodoso, wala hatumi mwakilishi katika kikao cha wadau, ilhali yeye na wenzake ndio wanaoajiri watu mkoani. HEET imetutaka tuwe na kamati za ushauri za waajiri, na hilo ni jema, isipokuwa nimeona viti vikijazwa na watu walewale wa mjini.

Binti Mpimbwe
Naomba kutofautiana kidogo. Kwetu Katavi kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine inayofundisha usimamizi wa rasilimali za nyuki, na asali ya ukanda wetu inajulikana. Lakini udahili ni wa nchi nzima, kwa hiyo anayesoma nyuki Mpimbwe anaweza kuwa ametoka Moshi na atarudi Moshi, wakati mimi niliyezaliwa jirani na mizinga nilitaka uuguzi na ilinibidi nisafiri mbali kuutafuta. Mnaposema kozi zifuate uchumi wa mkoa, msituandikie sisi watoto wa mikoa ya pembezoni kwamba kazi zetu ni zile za wazazi wetu.

Mmakonde wa Shangani
Dada, hilo nakubaliana nawe, na sikumaanisha mtoto wa mkulima asome korosho tu. Ninachotaka ni kwamba chuo kinapofungua kozi kwa jina la mkoa wetu, kimweleze mwombaji kwa takwimu ni wahitimu wangapi wa kozi hiyo wameajiriwa, wapi na katika kazi gani, kabla hajachagua.

Mwanzisha mada
Bado hatujasikia kutoka Tanga, ambako bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani. Waliosomea fani yoyote kwa ajili ya bomba hilo, tafadhali tuelezeni mliajiriwa katika kazi gani, na kwa mkataba wa muda gani.