Lekcha wa tamthilia ya Uingereza kaniita mlinzi wa geti mbele ya darasa zima!!

Wakuu, simtaji, mnamjua, yule wa koti la kaki na funguo elfu moja kiunoni. Nimekesha na desa mpaka macho ya bundi, najua mwigizaji Burbage kajenga ukumbi wa The Theatre 1576, najua ukumbi wa Globe uliungua 1613 kwa mzinga wa kwenye igizo na jamaa mmoja suruali ikashika moto wakamzima kwa bia, nimefika mpaka igizo la Look Back in Anger 1956, halafu test inakuja swali moja tu, maksi 20: "Jadili tamthilia ya Uingereza 1642 hadi 1660."

Nijadili nini?? Bunge lilifunga kumbi za maigizo 1642 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, zikaja kufunguliwa mfalme Charles II karudi 1660! Nikaandika zilifungwa. Mbili kwa ishirini. Na hiyo ningemeza, ila kanisomea jibu kwa sauti: "Huyu kajibu kama mlinzi wa geti, pamefungwa, rudi kesho." Mlinzi wa geti! Darasa likaanguka, hadi dada ninayemfukuzia kacheka akadondosha simu. Rudi kesho. Mimi!

mtu_wa_korido: Mkuu umeruka ukurasa. Pale ukumbi wa Red Bull watu waliigiza kwa kificho, askari wanavamia wanabeba hadi mavazi. 1656 mtunzi Davenant kaonyesha The Siege of Rhodes nyumbani kwake, ya kuimbwa, eti huo ni muziki sio tamthilia. Hizo maksi mbili umepewa kwa huruma, mlinzi 😂

mlinzi (mleta uzi): Desa langu halina hayo, nilipiga kopi kwa mtu.

bint_mkesha: Afadhali nyie. Grupu letu tulipewa kuigiza zama za 1660, wanawake ndo wanaanza kupanda jukwaani kule, wanaume watano wakagombania gauni, mimi mwanamke pekee nikashikishwa pazia.

babu_wa_sapu: Mimi niliandika Mabepari wa Venisi, igizo la Shakespeare, katafsiri Nyerere 1969, kanikata, eti nje ya mada.

kaka_chipsi: Samahani nje ya mada kweli, kuna aliyekula chipsi mayai nyuma ya maktaba leo? Yai moja, viazi sita.

bint_mkesha: Sita?? Una bahati, mimi vinne na kimoja kibichi.

mlinzi (mleta uzi): Kibichi tena? Mimi jana kachumbari haina hata nyanya, kitunguu kitupu, nikamuuliza akanuna.