Picha ya jamaa aliyeanguka na mwenge Cortina 1956, nani anaijua stori yake?

kipepeo88:
Wakuu habari, juzi nimepita Cortina d'Ampezzo huku milimani kaskazini mwa Italia nikaingia kwenye maonyesho ya picha za Olimpiki ya baridi ya 1956, asee nyeusi na nyeupe tupu ukuta mzima. Sasa kuna moja imenikaa kichwani, jamaa yuko chini kwenye barafu na mwenge mkononi. Maelezo yote ya Kitaliano na mimi Kitaliano changu kinaishia ciao. Alisukumwa au ilikuwaje? Mwenge ulizimika?

mzee_wa_mbio:
Huyo ni Guido Caroli mkuu, mkimbiaji wa barafuni. Hajasukumwa na mtu, kajikwaa waya wa TV 😂 Ilikuwa siku ya ufunguzi, 26 Januari, anazunguka uwanja na viatu vya kutelezea, waya umelazwa juu ya barafu, puu chini. Mwenge haukuzimika, akanyanyuka akaenda kuwasha moto kama hakijatokea kitu. Ujue hiyo ndiyo Olimpiki ya baridi ya kwanza kurushwa laivu kwenye TV, kwa hiyo nyaya zilikuwa kitu kigeni pale, lakini mimi lawama namtupia fundi, huwezi kuacha waya njiani mtu anapita na moto!

lulu_barafu:
Kila mtu anakumbuka muanguko tu, inaniudhi kweli. Siku hiyohiyo Giuliana Chenal Minuzzo, mcheza skii wa Italia (ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji), alikula kiapo kwa niaba ya wanamichezo wote, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo kwenye Olimpiki. Picha yake ipo hapo?

kipepeo88:
Kuna mama mmoja yuko mbele ya maiki, nilipita tu dada, kumbe ndiye nini. Na zile za watu wanakimbizana ziwani?

mzee_wa_mbio:
Hilo ni ziwa Misurina, liko juu zaidi ya mji. Mbio za kasi zilifanyikia pale kwenye barafu ya asili, na ndiyo ikawa mwisho, Olimpiki zilizofuata wakahamia barafu ya kutengeneza. Msovieti Grishin alifikia rekodi yake mwenyewe ya dunia ya mita 500 hapohapo, na Wasovieti ndo kwanza wanashiriki Olimpiki ya baridi wakaondoka wanaongoza kwa medali.

skii_tu:
Mmemsahau Toni Sailer jamani!! Kijana wa miaka 20 kutoka Austria kabeba dhahabu zote 3 za skii za kushuka mlima, moja kamwacha wa pili kwa sekunde 6 na ushee, mchezo ambao watu wanapishana kwa nukta. Halafu kabla ya dhahabu ya mwisho mkanda wa skii ukamkatikia, aliyemwokoa ni kocha wa Italia, wapinzani kabisa, akafungua wa kwake akampa.

kipepeo88:
Duh. Niko hapa mpaka Jumapili, kesho narudi kumwangalia yule mama vizuri.