Probox 1NZ inamisi ikipanda Salgaa: plagi gani, na nazikaza vipi?

Probox_Nakuru:
Wadau, habari zenu. Nina Probox ya 1500, injini 1NZ-FE. Hapa mjini inatembea vizuri. Ikibeba mzigo kuelekea Mau Summit, ikishapita Salgaa na kuanza kupanda, inamisi (cheche inakosa kuwasha) na kutetemeka. Ikifika tambarare inatulia. Plagi zilizomo ni K16R-U11, zimetembea kilomita 40,000 hivi. Dukani nimeonyeshwa SC20HR11 za iridiamu, nikaambiwa uzi ni ule ule na soketi ni ile ile, zitaingia tu. Ni kweli? Na kama sina spana ya kupima nguvu, nazikaza mpaka wapi?

Fundi_Kondele:
Usizinunue hizo, ndugu yangu. Ni kweli zote mbili zina uzi wa mm 14 na zinafunguliwa kwa soketi ya 16, na hapo ndipo watu wanapoua injini. Tofauti iko kwenye urefu wa uzi: K16R-U11 ni mm 19, SC20HR11 ni mm 26.5. Hiyo ndefu ni ya injini kama 2ZR. Ukiitia kwenye 1NZ itachomoza zaidi ya mm 7 ndani ya silinda. Pistoni inaweza kuigonga. Hata isipoigonga, ule uzi uliobaki wazi unashika joto kali na kuwasha petroli kabla ya wakati wake, kisha masizi yanaugandia, na siku ya kuifungua inatoka na uzi wa silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini. Premio ndizo zinazowachanganya wengi: ya 1500 ina 1NZ, ya 1800 ina 2ZR, na bodi ni moja. Dukani taja injini, usitaje gari.

Namba zenyewe zinasomeka. Kwenye K16R-U11, K ni vipimo vya uzi na soketi, 16 ni kiwango cha joto, R ni rezista, 11 ni pengo la mm 1.1 kati ya ncha mbili. Ya NGK inayolingana nayo ni BKR5EYA-11. 5 yao ni sawa na 16 ya Denso. Kwa hao wawili, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi, yaani inatoa joto haraka zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, kwa hiyo usilinganishe namba kwa macho. Na usikubali kuuziwa plagi baridi eti kwa sababu ya milima ya Timboroa. Huko juu hewa ni nyepesi, joto la silinda halizidi. Plagi baridi itajaa masizi tu kwenye safari fupi za mjini.

Kuhusu kumisi: plagi za nikeli kama zako hubadilishwa kila kilomita 20,000 hivi. Zako ncha zimelika na pengo limepanuka. Ukikanyaga mafuta na mzigo, mgandamizo kwenye silinda unapanda, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka pengo lile lile. Tambarare inaruka, mlimani inashindwa. Ukiendelea hivyo koili (zinazotoa umeme wa cheche) nazo zitachoka.

Soketi16:
Kufunga sasa. Injini iwe baridi kabisa, maana hedi ni alumini na uzi wake huharibika ukifungua plagi ikiwa moto. Chomoa waya wa koili kwa kubonyeza klipu taratibu, fungua bolti ya 10, zungusha koili kidogo kisha ivute. Kabla ya kugusa plagi, puliza shimo kwa hewa ya kompresa: vumbi la murram likidondoka ndani linakwaruza silinda. Pima pengo la plagi mpya kwa fila geji (vipande vyembamba vya kupimia pengo) hata kama limeandikwa kwenye boksi. Ukirekebisha, pinda ncha ya nje tu, usiiegemee ya katikati. Plagi iliyoanguka sakafuni ipime upya.

Anza kuizungusha kwa vidole, soketi na ekstensheni bila mpini. Ikikwama mapema irudishe nyuma, usilazimishe. Washa (ile pete ya chuma ya plagi) ikishakaa kwenye hedi, ongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili kwa plagi mpya. Ya zamani unayorudisha inataka sehemu moja ya 12 tu, kwa sababu washa yake imeshabanwa. Ukipata spana ya kipimo, ni Nm 18. Usipake grisi kwenye uzi, utakaza kupita kiasi bila kujua. Ikilegea nayo ni hatari: joto halipiti kwenda kwenye hedi, na plagi inaungua.

Probox_Nakuru:
Asanteni sana. Nimezitoa. Tatu zina ncha za kahawia hafifu. Ya silinda 3 ncha yake pia ni kavu, lakini kauri ya nje imelowa oili, na raba ya koili vilevile. Mashine ya kupima hitilafu imesoma P0303, yaani silinda 3 inamisi.

Fundi_Kondele:
Oili ya nje imetoka juu, ni gasketi ya tapet kava, kile kifuniko cha juu ya hedi. Ringi za pistoni usizishuku, zingelowesha ncha. Badilisha gasketi, kausha shimo kwa kitambaa, kisha ndipo ufunge plagi mpya. Ukizifunga kabla, oili itarudi. Raba iliyolowa hulainika na umeme hupita kando yake badala ya kufika kwenye ncha. Baada ya hapo hamisha koili ya 3 iende silinda 1, futa kodi ya hitilafu kwenye mashine, upande nayo mlima na mzigo. Ikisoma P0301, nunua koili moja tu. Ikibaki P0303, pima mgandamizo wa silinda hiyo, kisha injekta yake.