Tupeane uzoefu: kambi ya vijana kwenye msitu wa serikali, hakuna choo hakuna bomba

Kaka Mlezi: Wakuu habari zenu. Mwezi wa 12 nimekabidhiwa vijana 34 wa kanisani, miaka 11 mpaka 16, siku tatu msitu wa Magamba kule Lushoto. Sio kambi ya mabweni, ni uwazi tu mnaonyeshwa na watu wa TFS, wakala wa misitu wa serikali, mnapiga mahema basi. Kibali nafuatilia, nataka yale ambayo hayaandikwi kwenye ratiba. Naanza na langu, nilikuwa msaidizi msitu wa Pugu tukasahau majembe. Watoto 50! Choo tulichimba kwa panga la kuazima na sahani za bati, kikatoka kifupi hivi kama cha paka, kufika asubuhi ya pili hakuna aliyehitaji kuonyeshwa kiko wapi.

Msambaa wa Mjini: Hahaa sahani za bati, natumaini hazikurudi jikoni. Mkuu Magamba juu kabisa ni mita 2,000 na ushee, watoto wa Dar hilo hawalijui. Sisi tuliandika "blanketi zito" wazazi wakaona mbwembwe wakafunga shuka. Saa nane usiku napita na tochi, hema la watu wanne nakuta wamo tisa, mmoja kavaa soksi mikononi. Siku hizi nakagua mabegi kabla ya basi kuondoka, asiye na sweta mama yake aende akalete, hata kama tunachelewa.

skauti mstaafu: Siafu. Tuliacha sufuria la ugali halijaoshwa chini ya mti karibu na mahema, kwenye saa tatu mtoto mmoja akapiga yowe, kabla hatujafika hema zima linapiga yowe, watu wanavua suruali gizani hakuna cha aibu, unamvuta siafu mwili unakuja kichwa kinabaki kwenye nyama. Tulihamisha kambi nzima usiku uleule. Tangu hapo vyombo vinaoshwa mbali, nayo majivu ya jikoni hayamwagwi ovyo, nazungushia mahema.

Wa Nyeri: Huku Kenya kuna jambo lingine, tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya misitu ya hifadhi. Tulifika geti upande wa Aberdare, vijana wote wamebeba maji ya chupa, askari akasema hizo hazipiti. Wakaamua kuyanywa palepale yasiharibike, kuna mmoja alimaliza chupa tatu. Kilomita nne za kupanda mlima tulisimama nadhani mara kumi na tano kwa sababu yake.

Mama Wawili: Nyie wote mmeongea ya kwenu, mimi naongea ya mabinti. Kambi moja nilipeleka mwanangu kama mzazi tu, walezi wote wanaume, binti wa miaka 12 akaanza siku zake kwa mara ya kwanza hukohuko porini. Alijifungia hemani tangu asubuhi, chakula hataki, kaka walezi wanasema ana malaria wanatafuta gari la kumrudisha. Nilimkalia karibu nusu saa nzima ndo akaniambia, nikachana kanga yangu. Bebeni taulo za kike, wekeni na kijihema cha kuogea, na awepo mama.

Kaka Mlezi: Asanteni sana, hili la mwisho kusema kweli sikuwa nimelifikiria kabisa, walezi tuko watano na wote ni wanaume. Na kuni je, huko tunaokota?

skauti mstaafu: Usiguse mti, hata mkavu uulize kwanza. Beba gunia la mkaa na mtungi wa gesi, mvua ikinyesha utanikumbuka.

Kaka Mlezi: Sawa mkuu. Mama Wawili, kwenye basi kuna siti, nauli na chakula juu yetu.

Mama Wawili: Tarehe ngapi? Na blanketi nakuja na langu, ya kwenu siyaamini.