Kujichanganya na wenyeji au kujilaza ufukweni: nani kasafiri kweli?

Mkoba Mmoja: Wakuu, nimechoka na mtu anayekaa wiki nzima hotelini halafu anatamba kwamba nchi fulani anaijua. Umeijua wapi? Umepokewa uwanja wa ndege, umepakiwa kwenye basi lenye kiyoyozi, umelishwa, umelazwa, umerudishwa. Kusafiri ni kuishi na watu: upange foleni wanakopanga, upotee njia, uchekwe ukijaribu lugha yao. Anayeganda kando ya bwawa kabadilisha kitanda tu. Anayepinga aje na hoja.

Shuka Safi: Hoja unayo, dharau ndiyo imezidi. Mimi ni muuguzi, zamu za usiku nazijua kuliko jina langu. Nikipata likizo sitaki kujifunza kitu, nataka nilale mpaka usingizi wenyewe unikimbie. Kupumzika ni haki, imo kwenye Azimio la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya ishirini na ngapi sijui.

Mzee wa Nukuu: Ya 24, dada. Inataja mapumziko, kikomo cha saa za kazi, na likizo za mara kwa mara zenye malipo. Na haikudondoka kutoka mbinguni. Ufaransa 1936 wafanyakazi waligoma na kukalia viwanda, ndipo serikali ya Léon Blum ikapitisha wiki 2 za likizo yenye malipo. Watu wamepigania huko kulala unakokubeza, Mkoba.

Mkoba Mmoja: Nani kabeza? Nimesema si kusafiri, basi. Na tusijifiche nyuma ya wauguzi. Wengi wanaojilaza huko ni wavivu wa akili tu.

Binti Dirishani: Wavivu wa akili! Haya, ngoja nikupe uchangamfu wa akili. Nililala kwa familia moja kupitia hao waandaaji wa "ishi kama mwenyeji". Usiku natoka kwenda msalani, namkuta binti wa nyumba kajikunja sebuleni, kichwa juu ya begi la shule. Chumba nilichopewa kilikuwa chake, madaftari yake bado yapo chini ya kitanda. Asubuhi mimi nikawekewa kikombe cha udongo chenye maua, wao wakanywea vya plastiki. Hotelini angalau sijamtoa mtoto wa mtu kitandani.

Mkoba Mmoja: Hapo mlaumu mwandaaji, sio wazo. Na yule mama pengine ile pesa aliihitaji. Ulimuuliza?

Binti Dirishani: Nimuulize kwa lugha ipi? Ile niliyochekwa nikiijaribu?

Kiguu na Njia: 😂 Tuliza povu jamani. Mimi niko na Mkoba. Mtazameni yule msafiri wa zamani, Ibn Battuta: katoka Tangier, Morocco, 1325 akiwa kijana wa miaka 21, kazunguka karibu miaka 30, kafika mpaka Kilwa. Maldivi kaoa na kuwa kadhi. Huyo angekaa kando ya bwawa tungemjua leo?

Mzee wa Nukuu: Umechagua shahidi mbaya. Huyohuyo kadhi wa Maldivi alihangaika kuwalazimisha wanawake wa visiwani wafunike vifua, wakamgomea, na mwenyewe kasimulia hivyo. Kabla ya hapo alikuwa kadhi Delhi, analipwa na sultani. Hayo ni ajira, mkuu, tena ajira ya kuwakaripia wenyeji.

Kiguu na Njia: Kuajiriwa ndiko kujichanganya kwenyewe! Anafanya kazi, anaoa, anagombana na watu. Unataka ajichanganye vipi tena?

Mpangaji: Mmemfufua kadhi, lile la kitanda mmelikimbia. Binti Dirishani alimwona kwa macho aliyemtoa. Wengine hawawaoni. Hawa wa "sitaki hoteli, nataka mtaa wa watu wa kawaida" ndio wanaokodi nyumba za kawaida kwa siku tatu tatu, mwenye nyumba akipiga hesabu anamfukuza mpangaji wa miaka. Barcelona 2024 watu waliandamana hadi wakawarushia watalii maji kwa bastola za kuchezea. Meya akatangaza leseni za nyumba za watalii, kama elfu 10 hivi, hazitahuishwa tena, zote ziwe zimekwisha kufikia Novemba 2028. Sikusikia akifunga hoteli.

Mkoba Mmoja: Yale maji yaliwalowanisha hata waliokaa mezani mgahawani, usitugeuzie habari. Venice nao wanamtoza nani? Asiyelala. Walianza Aprili 2024: siku za msongamano, anayeingia na kutoka alilipa yuro 5. Anayekaa hiyo hadaiwi. Mji wenyewe umeshajua mgeni wa maana ni yupi.

Mpangaji: Anayelala ana kodi yake ya kulala, usimfiche. Na wakazi wa ule mji mkongwe walishuka chini ya elfu 50 mwaka 2022, wakati mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa zaidi ya laki na nusu. Utajichanganya na nani? Na watalii wenzako waliokuja kujichanganya?

Kiguu na Njia: Hapo kakumaliza 😂

Mkoba Mmoja: Kwa hiyo ushauri wenu sote tubaki majumbani?

Shuka Safi: Wangu ni uleule, niacheni nilale. Ila Binti Dirishani, mwandaaji alikujibu nini ulipomwambia?

Binti Dirishani: Alitaka kunirudishia nusu ya pesa. Nikamwambia hiyo nusu apewe yule binti. Akasema mfumo hauruhusu.

Mzee wa Nukuu: Mfumo uliopokea pesa ukashindwa kumfikishia mwenye kitanda? Mkoba, jibu hapo.

Mkoba Mmoja: Mimi sina kampuni, msinigeuzie kibao.